Nyumba ya Kasubi: Amana ya Ukumbusho na Wajibu Wetu

Napenda kuwaandikia ndugu zangu Waislamu maneno machache katika kijitabu hiki cha ukumbusho.

Kijitabu cha namna hii huandikwa ili watoto wajue walikotoka wazee wao. Basi nimeona nisiandike habari za watu walio hai, ambao kila mmoja wetu anawajua, bali niandike habari za nyumba moja iliyo juu ya kilima katika mji wa Kampala. Ni nyumba ya miti, matete na nyasi, na wengi wetu hupita karibu nayo tukienda kazini wala hatusimami kuitazama. Jina lake ni Muzibu-Azaala-Mpanga, nayo iko Kasubi. Twaidhani kuwa haituhusu, kwa kuwa ni makaburi ya wafalme. Mimi nataka kuonyesha kwamba yatuhusu sana. Tena nataka kuonyesha kwamba katika siku hizi, ambapo habari za mahali pa kale zatiwa katika kompyuta na simu ili zisomwe na dunia nzima, asiyetoa mali yake na maneno yake atakuja kukuta habari zake hazimo.

JINSI UISLAMU ULIVYOINGIA BUGANDA

Mwaka 1844 alifika katika baraza la Kabaka Suna II mfanya biashara mmoja Mwarabu, aliyeitwa Ahmad bin Ibrahim. Alikuja kwa njia ya misafara iliyotoka pwani ya Unguja na kupita Unyanyembe. Alileta nguo na bidhaa, akataka pembe za ndovu. Walakini Mwenyezi Mungu alimtia moyoni neno lililo bora kuliko biashara yake.

Jadi yasimulia kwamba siku moja Kabaka alipotoa amri watu wauawe, kama ilivyokuwa desturi, Ahmad alisimama mbele yake akamwambia kwamba watu wale, na Kabaka mwenyewe, wameumbwa na Mungu mmoja, na kwamba ni dhambi kubwa kuwaua pasipo haki. Watu wa baraza walishikwa na hofu, kwani hapakuwa na mtu aliyethubutu kusema na Kabaka namna ile. Lakini Suna hakumdhuru. Alimwuliza: Mungu huyo ni nani? Basi akafundishwa kidogo katika Qurani Tukufu. Hivyo neno la kwanza la Uislamu lililosikiwa Buganda lilikuwa neno la kuwatetea waliotaka kuuawa. Jambo hili yafaa tulikumbuke, kwa kuwa si watu wote wanaotutaja leo wanaolijua.

Suna alifariki mwaka 1856, akazikwa Wamala. Mwanawe Mutesa akashika ufalme, na katika siku zake mbegu ile iliota. Walikuja wafanya biashara wengine na waalimu, na mmoja wao, Muley bin Salim, alimfundisha Kabaka mwenyewe. Mutesa alijifunza kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, akajua Kiswahili, akajenga msikiti katika makao yake. Mwaka 1867 alifunga mwezi wa Ramadhani, akaamuru na watu wake wafunge. Akaendelea kufunga muda wa miaka kama kumi. Hesabu ya miezi ikafuata mwandamo, na maamkio ya Kiislamu yakasikiwa barazani.

Kiswahili kikawa lugha ya elimu na ya wageni pale kwa Kabaka. Stanley alipofika mwaka 1875, na wamisionari Waingereza walipofika mwaka 1877, mazungumzo yao ya kwanza yalipita katika Kiswahili. Hata leo Mganda asiyejua neno jingine la lugha yetu husema *ssaawa* kwa saa, *kitabo* kwa kitabu, *kalaamu* kwa kalamu, na *ddiini* kwa dini. Maneno haya yalipanda kutoka pwani pamoja na misafara na madarasa. Wale waliofuata na Biblia walikuta watu wamekwisha kujua kwamba kuna Mungu mmoja, kitabu kilichoteremshwa, sala na siku ya hesabu.

MWAKA WA 1876

Sasa sina budi kuandika jambo zito, wala si haki kulificha. Mutesa hakukubali kutahiriwa, kwa kuwa desturi ilikataza damu ya Kabaka imwagike. Walipokuja waalimu kutoka upande wa Misri, waliwaambia vijana Waislamu wa barazani kwamba mtu asiyetahiriwa haifai kuwaongoza katika sala, na kwamba msikiti wa Kabaka haukuelekea kibla sawasawa. Vijana wale wakashika neno hilo. Wakakataa kusali nyuma ya Kabaka, wakakataa kula nyama ya wanyama aliowachinja mtu wake asiye Mwislamu. Kabaka akaona kwamba kuna utii mwingine juu ya utii wake, akakasirika sana.

Mwaka 1876 akaamuru wauawe. Jadi yahesabu kwamba waliouawa walikuwa kama 70, na kwamba wengi wao walichomwa moto Namugongo. Hao ndio mashahidi wa kwanza wa dini katika nchi ya Uganda. Walikufa miaka 10 kabla ya Wakristo waliochomwa mahali pale pale tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Mwanga, mwana wa Mutesa.

Nataka msomaji asimame hapa kidogo. Tarehe 3 Juni ni sikukuu ya nchi nzima. Watu huja Namugongo kwa miguu kutoka nchi za jirani. Wale 22 wa Kanisa Katoliki walitangazwa kuwa watakatifu mwaka 1964, na majina yao yamepewa watoto, shule na hospitali. Sisi hatuwahusudu wenzetu kwa jambo hili. Wao waliandika. Waliuliza mashahidi waliokuwa hai, wakatia majina katika daftari, wakatoa fedha za kujenga na kuhifadhi. Je, wale 70 wetu, ni Mwislamu gani kati yetu awezaye kutaja hata majina matano? Imani yao haikupungua chochote, na damu yao ilikuwa damu kama ile. Kalamu ndiyo iliyopungua, na pamoja na kalamu ilipungua mifuko ya sisi tuliokuja nyuma.

NYUMBA YENYEWE

Mutesa alijenga makao yake Kasubi mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo, na jumba lake likawa kaburi. Hapo palitokea jambo ambalo Mwislamu yafaa alitambue. Tangu zamani, Kabaka alipokufa, mwili wake ulizikwa mahali pamoja, na mfupa wa taya ukaondolewa kuwekwa mahali pengine. Mutesa alivunja desturi hiyo akazikwa mzima. Hapana shaka kwamba mafundisho ya dini zilizoingia katika siku zake, na ya kwanza yao ilikuwa Uislamu, yalikuwa yamemgusa. Hivyo hata kaburi lenyewe ni ushahidi wa habari zetu.

Baadaye wakazikwa humo Makabaka wengine watatu: Mwanga, aliyefia Ushelisheli mwaka 1903 na kurudishwa mwaka 1910, Daudi Chwa, aliyefariki mwaka 1939, na Edward Mutesa, Rais wa kwanza wa Uganda, aliyefia London mwaka 1969 na kurudishwa mwaka 1971. Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa, ndiye aliyekuwa kiongozi wa Waislamu baada ya vita vya dini mpaka alipofariki mwaka 1921; na mwanawe Mbogo, Badru Kakungulu, ndiye aliyetoa ardhi yake Kibuli, ukajengwa msikiti uliokamilika mwaka 1951, pamoja na shule. Basi mlolongo wa habari zetu unaunganika na nyumba ile kwa damu na kwa dini.

Jumba ni la mviringo, na upana wake kwa nje ni mita 31. Ndani, kutoka chini mpaka juu, ni mita saba na nusu. Dari yake imefungwa kwa pete 52 za matete na nyasi, kwa hesabu ya koo za Waganda. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, na ya mapambo ni ya ukoo wa Ngo, wala mtu mwingine haingilii. Nyuma ya pazia la nguo za magome ya miti ni mahali paitwapo Kibira, yaani msitu, ambapo wafalme wamelala na wageni hawaingii. Mwaka 2001 Shirika la UNESCO liliandika mahali hapo pamoja na urithi wa dunia.

MOTO, NA MWANGA ULIOTANGULIA MOTO

Usiku wa Jumanne, tarehe 16 Machi 2010, nyumba ile iliwaka moto. Nyasi kavu za miaka mingi hazikungoja maji. Kulipokucha palikuwa na majivu na nguzo zilizoungua, na watu wazima walilia hadharani kama watoto. Juu ya chanzo cha moto yalisemwa mengi, na kuyachambua si kazi ya makala hii.

Walakini kuna jambo ambalo wachache walilijua usiku ule. Mwaka mmoja kabla ya moto, yaani mwaka 2009, nyumba ile ilikuwa imepimwa kwa mwanga. Kuna shirika huko Marekani liitwalo CyArk, lililoanzishwa mwaka 2003 na Ben Kacyra, mhandisi mzaliwa wa Mosul nchini Iraq, kwa nia ya kuhifadhi sura za mahali pa kale kabla hazijaharibika. Kasubi ilikuwa mojawapo ya mahali hapo. Mashine yao hutoa mwanga wa leza, mwanga ukagonga nguzo au ukuta na kurudi, na mashine ikapima umbali kwa wepesi wa ajabu. Hufanya hivyo mara mamilioni, mpaka kila nguzo, kila pete na kila pindo la nyumba limeandikwa katika kompyuta kwa vipimo vyake. Ukifungua picha hiyo waweza kuizunguka nyumba na kuitazama kutoka pande zote, kana kwamba umesimama ndani yake.

Basi moto ulipokula nyumba haukula vipimo vyake. Nilipoisikia habari hii mara ya kwanza nilikumbuka siku za Sayyidna Abubakar. Katika vita vya Yamama waliuawa wengi wa wale waliohifadhi Qurani vifuani. Sayyidna Umar akaogopa, akamwendea Khalifa akamshauri Qurani ikusanywe pamoja katika maandishi. Khalifa alisita kwanza kufanya jambo ambalo Mtume hakulifanya, kisha Mwenyezi Mungu akamkunjua moyo, na Zaid bin Thabit akapewa kazi ile nzito. Sithubutu kufananisha Maneno ya Mwenyezi Mungu na nyumba ya nyasi. Nalinganisha busara tu. Mwenye busara huandika kabla ya msiba, na asiye na busara hutafuta kalamu baada ya maziko.

Kujenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi. Serikali ya Uganda ilitoa fedha, na Japani ikatoa msaada kwa njia ya UNESCO, pamoja na vyombo vya kuzimia moto na mafunzo ya kuvitumia. Katika mwaka 2013 Katikkiro wa Buganda, Charles Peter Mayiga, alianza kuzunguka nchi akikusanya michango iliyoitwa *Ettoffaali*, yaani tofali. Mkulima alitoa alichokuwa nacho, na tajiri alitoa zaidi, na kila mmoja alihesabiwa kuwa ameweka tofali lake. Mwezi wa Septemba mwaka 2023, katika mkutano uliofanyika Riyadh, Saudia, Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

SWALI LA MUADHINI

Katika msikiti wetu yupo mzee mmoja muadhini asiyeona. Siku moja vijana wa madarasa walikuwa wakitazama katika simu picha ile ya Kasubi inayozunguka, wakishangaa na kuitana. Mzee alisikiliza kelele zao kwa muda, kisha akaniambia: "Sheikh, nyumba hiyo niliingia ningali mdogo, kabla macho hayajafumba. Sasa watoto wanaiona bila ya kufika. Na mimi mtanionyesha vipi?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda nyumbani na swali lile, na usiku nikakumbuka habari ya Abdullahi bin Ummi Maktum, Radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Kila aliyesoma chuoni anaijua. Alikuja kipofu huyo kwa Mtume kutaka elimu, na Mtume alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kureshi akitumaini wasilimu. Akakunja uso. Zikashuka aya za kumkumbusha kwamba aliyekuja mbio kutafuta elimu ndiye mwenye haki ya kusikilizwa kwanza. Tangu siku hiyo Mtume alimheshimu sana, akamfanya muadhini pamoja na Bilal, na aliposafiri akamwachia Madina zaidi ya mara moja. Basi mtu asiyeona akitaka elimu, kumsahau ni jambo ambalo dini yetu ilikwisha kulikemea.

Tangu hapo nikafahamu ya kwamba kuhifadhi sura katika kompyuta ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kufungua mlango ili kila mtu aingie. Nilipouliza wanaojua mambo haya, nilijifunza kwamba vipimo vile vya mwanga vyaweza kutumika kutengeneza mfano mdogo wa nyumba, wa mbao au wa plastiki, mtu akaupapasa kwa mikono yake: hapa mlango, hapa nguzo, hapa pete za dari. Muadhini wetu angepata jibu lake. Kwa asiyesikia, mweleza habari aweza kupigwa picha akisimulia kwa lugha ya alama, na Katiba yetu ya mwaka 1995 imeagiza lugha hiyo iendelezwe. Kwa asiyeweza kutembea, njia yaweza kusawazishwa mpaka penye heshima ya mahali. Na ndani, ambako wageni huvua viatu na kuketi juu ya mikeka, ikiwa kiti cha magurudumu hakiwezi kuingia, basi picha ile yaweza kuonyeshwa karibu na mlango akaona waonayo wenzake. Kwa mzee asiyejua Kiingereza, masimulizi yaweza kusikizwa kwa Kiganda na kwa Kiswahili. Na kwa mtoto wa maskini asiye na fedha za vifurushi vya intaneti, masimulizi hayo yaweza kuwekwa katika vyombo vilivyo pale pale, asikilize bure.

FEDHA ZITATOKA WAPI?

Hapa ndipo wengi hunyamaza. Nimeona katika kazi nyingi za hisani, si hii tu, kwamba fedha za kuanzia hupatikana kwa urahisi kuliko fedha za kuendelea. Mfadhili hupenda kukata utepe. Huja, mashine hununuliwa, picha hupigwa, naye huondoka. Baada ya miaka mitatu betri imekufa, chombo kimeharibika, kijana aliyefunzwa kukitumia amekwenda kutafuta mshahara kwingine, na ukutani pamebaki kibao chenye jina la mfadhili. Vitu vya kompyuta huzeeka upesi kuliko nyasi za Kasubi. Nyasi huezekwa upya baada ya muda, na ukoo wa Ngeye upo kwa kazi hiyo. Je, ni ukoo gani uliopewa kazi ya kuezeka upya yaliyomo katika kompyuta?

Dawa yake tunayo tangu zamani. Sayyidna Umar alipopata ardhi nzuri Khaybar alimwendea Mtume kutaka shauri. Akashauriwa aizuie asili yake, isiuzwe wala isirithiwe, na mapato yake yatolewe sadaka. Hiyo ndiyo wakfu. Mali yenyewe inakaa, na tunda lake linakwenda kwa wahitaji mwaka baada ya mwaka. Prince Badru Kakungulu alifanya jambo la namna hiyo Kibuli, na watoto wa watoto wetu wanasoma juu ya ardhi yake.

Kwa hiyo naleta shauri kwa jumuiya yetu, na wazee walipime. Tusingoje kukusanya fungu kubwa la mara moja. Tutenge mali ndogo iletayo kodi, hata kama ni vyumba viwili vya duka, iwe wakfu wa elimu ya historia. Mapato yake yagawanywe kwa mambo matatu. La kwanza, mshahara wa vijana wawili waliosoma, mmoja ajuaye lugha ya alama, watakaokubaliwa na wenye mahali pale ili wawaeleze wageni habari za Uislamu katika Buganda. La pili, kuandika na kurekodi masimulizi ya wazee wetu kwa Kiganda na Kiswahili, na kukusanya majina ya mashahidi wa 1876 kutoka kwa koo zao, kabla wajuao hawajafa. La tatu, akiba ya kutengeneza na kubadili vyombo vinapochakaa. Hesabu isomwe msikitini kila mwaka mbele ya watu wote, shilingi kwa shilingi, kwa kuwa wakfu usiosomewa hesabu huliwa.

Tena tuombe jambo moja kwa adabu. Picha zile za mwanga zilipigwa na watu wa mbali, na twawashukuru. Lakini amana ya nchi haifai ufunguo wake ukae ng'ambo peke yake. Nakala ziwekwe Mengo, ziwekwe katika Makumbusho ya Uganda, ziwekwe Chuo Kikuu cha Makerere, ili moto ukija mahali pamoja usimalize zote.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Najua wako watakaosema: "Sheikh, makaburi ya wafalme na mizimu yao yatuhusu nini sisi watu wa tauhidi?" Swali hili ni la haki, nami sitalipuuza. Hatuombi haja kwa wafu, wala hatushiriki matambiko. Mambo hayo yana wenyewe na hukumu yake ni kwa Mwenyezi Mungu. Vile vile yaliyositiriwa na wenyewe, kama Kibira, yabaki yamesitiriwa. Mashine haikupewa ruhusa ya kuingia mahali ambapo mgeni mwenye adabu hangeingia. Lakini Qurani yenyewe imetuagiza tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia, na imetusimulia habari za Firauni mara nyingi ijapokuwa hakuwa mtu mwema. Kujua si kuabudu.

Wako wengine watakaosema: "Mutesa aliwaua ndugu zetu, kwa nini tutoe mali kuhifadhi jina lake?" Huyu nami namwelewa, kwani kila nikisoma habari za 1876 moyo wangu huwa mzito. Hata hivyo namwuliza: ikiwa sisi tutajitenga, ni nani atakayewasimulia wageni kwamba waliuawa? Wageni watafika Kasubi, nasi tupende tusipende. Wataweka vyombo masikioni, na sauti itawaambia kwamba hapa amelala Mutesa, mfalme mkuu aliyewakaribisha wageni. Je, sauti hiyo itasema kwamba alifunga Ramadhani miaka kama kumi? Itasema kwamba vijana 70 walimwambia hapana kwa ajili ya sala, wakalipa kwa roho zao? Sauti husema yale yaliyoandikwa na waliokuwapo siku ya kuandika. Asiyekuwapo hatatajwa, na kosa halitakuwa la chombo.

Nasi tukiandika tuandike kweli yote. Tusimwandike Mutesa kuwa walii, wala tusimwandike kuwa Firauni. Alifungua mlango kwa mkono mmoja, akaufunga kwa mwingine. Mlango haukufungika, na sisi tulio hai leo ni ushahidi wa jambo hilo.

Muadhini wetu bado anaadhini, na sauti yake ingali na nguvu. Kila alfajiri nikimsikia nakumbuka kwamba nina deni lake. Namwomba Mwenyezi Mungu atuwezeshe kulilipa yeye akiwa hai, apapase nguzo za nyumba ile kwa vidole vyake na kusikia kwa masikio yake majina ya wale waliomtangulia katika kutoa ushahidi. Mwenyezi Mungu awarehemu mashahidi wa Namugongo, wanaojulikana kwetu na wasiojulikana, ambao kwake Yeye hakuna asiyejulikana. Awatie nguvu watoaji, azilinde mali za wakfu na mikono isiyo na haki, na aupe mji wetu amani.

Amin.